Mcheza kwao hutunzwa? Muulizeni mpiga kinanda wa kwetu

 

Dada zangu wa visiwani, wengi wenu mnanijua kwa biashara. Mzigo wa madera na vitenge nauchukua Darajani, nauvusha bahari, nausafirisha mpaka Uchira, halafu unapandishwa mlimani huku kwetu Kirua Vunjo, ambako cherehani zangu ziko. Leo siuzi kitu. Leo nina jambo limenikaa kooni muda mrefu, na nikilinyamazia tena nitaumwa tumbo.

Jambo lenyewe ni hili. Tunawasomesha mabinti zetu muziki, au tunawaacha wajisomeshe. Siku ya mahafali tunapiga vigelegele, tunawavisha mashada, tunapiga picha. Miaka mitatu baadaye kinanda kiko juu ya kabati kimefunikwa kitenge, vumbi limejaa, na mwenye kinanda yuko jikoni. Tukiulizwa imekuwaje, tunajibu bila aibu, "Aliacha mwenyewe."

Hakuacha mwenyewe. Tulimwachisha. Sisi: wazazi, wakwe, waume, wazee wa kanisa, kamati za harusi, na sisi wanawake wenzake tuliokaa mstari wa mbele.

Hesabu ya fundi

Mimi elimu yangu ni sekondari na kozi ya ushonaji. Sisomi nota za muziki. Lakini ninashona sare za kwaya, na mtu anayeshona sare za kwaya anaijua mifuko ya makwaya kuliko mwenyekiti wao.

Tufanye hesabu ya mfano. Kwaya ina watu 40. Kila sare, kitambaa na mshono, shilingi 45,000. Hiyo ni 1,800,000. Inatolewa, na nashukuru, watoto wangu wanasoma kwa hela hiyo. Mwaka unaofuata wanataka rangi nyingine kwa sababu usharika wa jirani wametoka na zambarau. Inatolewa tena. Spika mpya zinachangiwa. Basi la kwenda kwenye mashindano ya uimbaji linakodiwa. Chakula cha wageni kinapikwa, na mbuzi anachinjwa.

Sasa uliza mpiga kinanda analipwa nini. Huyu ndiye aliyekaa chuoni, aliyejifunza kusoma nota, anayewafundisha sauti ya kwanza mpaka ya nne, na anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Jibu nimelisikia kwenye usharika zaidi ya mmoja, na parokiani pia: "Sisi tunampa Mungu akubariki."

Ukimpa huyo binti shilingi 10,000 tu kila Jumapili, kwa Jumapili 52 ni 520,000 kwa mwaka. Haifiki hata theluthi ya bei ya sare. Kwa hiyo msiniambie hela hamna. Hela ipo, ila iko mgongoni mwenu, imepigwa pasi.

Mimi mbona hamniambii nishone kwa "Mungu akubariki"? Kwa sababu mnajua nitawarudishia kitambaa chenu. Mnajua uzi unanunuliwa, umeme unalipiwa, na mkono wangu umetumia miaka kujifunza. Mkono wa mpiga kinanda nao umetumia miaka. Tofauti ni kwamba kazi yangu mnaivaa na mnaiona kwenye kioo, ya kwake inapita masikioni na kuisha. Basi mnafikiri haikumgharimu kitu.

"Lakini hiyo ni huduma"

Hapa ndipo huwa wananifunga mdomo. Huduma. Sadaka. Kipaji cha Mungu hakiuzwi.

Sawa. Fungueni Biblia zenu. Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 9, mstari wa 33, inaeleza habari za waimbaji wa Walawi. Walikaa vyumbani hekaluni na walikuwa wameondolewa kazi nyingine, kwa sababu kazi yao ya uimbaji ilikuwa ya mchana na usiku. Waliondolewa kazi nyingine, jamani. Hakuna aliyewaambia wakimaliza kuimba wakakate majani ya ng'ombe.

Halafu nendeni Nehemia sura ya 13, mstari wa 10 na 11. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji hawapo. Wameenda wapi? Kila mtu amekimbilia shambani kwake. Kwa nini? Kwa sababu posho zao hawakupewa. Nehemia alimgombeza nani? Hakuwagombeza waimbaji kwa kukosa imani. Aliwagombeza viongozi, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, kisha akawarudisha waimbaji mahali pao.

Someni tena polepole. Waimbaji wasiolipwa walikimbilia mashambani, na kosa likahesabiwa kwa viongozi. Hii ndiyo habari ya mabinti zetu, iliandikwa kabla Kirua haijapandwa mgomba mmoja. Na mchungaji anayehubiri fungu la kumi kila mwezi hajawahi kunihubiria sura hiyo.

Nasema hivi nikijua kwamba baadhi yenu mnaonisoma mnashika kwamba ala za muziki hazifai kabisa. Siwagusi. Mambo ya fiqhi yana wenyewe, na mtu anayeishi anavyoamini namheshimu. Ugomvi wangu ni na sisi ambao bila muziki harusi yetu haiendi, ibada yetu haiendi, na hata msiba wetu hauendi, lakini anayeupiga hatutaki kumtunza.

Tarumbeta mbele, binti nyuma

Huku mlimani muziki si mgeni. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mila ya vikundi vya tarumbeta katika makanisa yetu ina mizizi huko Ujerumani walikotoka. Leo tarumbeta zimetoka kanisani zimeingia barabarani. Desemba, watu wakirudi nyumbani kutoka Dar na kila kona, harusi zinapangwa kama mabasi stendi, na mbele ya msafara wa bibi harusi kuna gari la wazi limejaa wapiga tarumbeta.

Hao wanalipwa. Kamati ya harusi inakaa, inaandika: ukumbi, mapambo, keki, mshereheshaji, picha, tarumbeta. Tarumbeta zina mstari wake kwenye bajeti, na wakidai malipo ya awali wanapewa. Niliowaona mimi kwenye magari hayo, karibu wote ni wanaume.

Halafu mjumbe mmoja anasema, "Na ile ngazi ya ukumbini, bibi harusi anapoingia, si yupo binti yetu aliyesoma muziki? Atatupigia." Bei? "Ah, huyu si mtoto wetu."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumegeuza. Mcheza kwao hatunzwi, kwa sababu ni wa kwao. Mgeni analipwa, mwanaume analipwa, binti wa nyumbani anapewa sahani ya pilau na soda ya uvuguvugu. Na bado mnashangaa kwa nini amekata tamaa.

Mkono hausubiri

Watu wasio na ufundi wana imani moja ya ajabu, kwamba ukishajua kitu umekijua. Eti kipaji hakiozi. Uongo. Mwanafunzi wangu wa ushonaji akikaa mwaka mmoja bila kugusa mkasi, nikimpa kitambaa cha mteja natetemeka mimi. Mkato unapinda, shingo ya gauni inakuwa pana, lapa haikai. Akili inakumbuka, mkono umesahau.

Muziki ni mkali kuliko kushona. Ukikosea pindo unafumua. Ukikosea nota mbele ya watu, imeshatoka. Mpiga fidla anahitaji kila siku ncha za vidole zimeshika waya, mpiga tarumbeta anahitaji mdomo wenye nguvu, mpiga kinanda anahitaji vidole kumi vyenye utii. Vyote hivyo vinataka saa. Si saa ya mwezi ujao watoto wakikua. Saa ya leo.

Na saa ndiyo kitu cha kwanza mwanamke huku kwetu ananyang'anywa akiolewa. Alfajiri ng'ombe wa zizini wanataka majani, na majani yanakatwa mbali na kubebwa kichwani. Maziwa yapelekwe. Migomba isafishwe. Mtoto mgongoni. Jumanne jumuiya, Alhamisi kikoba, Jumamosi msiba. Akikaa kwenye kinanda dakika ishirini, mama mkwe anauliza kutoka uani, "Leo hatuli?"

Shemeji yake naye anapiga tarumbeta. Alhamisi jioni anatoka kwenda mazoezini. Hakuna anayemuuliza watoto amemwachia nani. Kwake mazoezi yanaitwa mazoezi. Kwa mkewe yanaitwa kuchezea muda.

Nina binti mmoja kwenye kibanda changu sasa hivi. Jina silitaji, na kijiji chake silitaji. Alisoma muziki, ana cheti. Amekuja nimfundishe kushona kwa sababu, kwa maneno yake, "Angalau hiki watu wanaona ni kazi." Nimempokea na nitamfundisha vizuri, kwa sababu kazi ni kazi. Lakini nilikasirika. Sikumkasirikia yeye. Nilikasirika kwamba tumefika mahali mtu anatoka kwenye ufundi mmoja aliousomea, anaujua, na sisi tunauhitaji kila Jumapili, anaenda kuanza ufundi mwingine kutoka sifuri, ili tu tukubali kumlipa.

Nyinyi wa visiwani mna ushahidi nyumbani

Msifikiri nawasema wa bara tu. Nyinyi ndio mnaojua kuliko sisi, maana historia imekaa mlangoni kwenu. Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay akarekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Bi Kidude alipiga ngoma na kuimba mpaka uzee, akafariki Aprili 2013, na dunia ikamlilia. Hao wawili hawakupitia chuo. Walichokuwa nacho ni kwamba hawakuacha.

Kisha mkapata chuo. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2001, na kwa miaka mingi kilifundishia kwenye jumba la zamani la forodha pale Mizingani. Udi, kanuni, fidla, akodiani, ngoma. Wasichana wa Unguja wakaanza kuonekana na fidla mgongoni. Lakini mwaka 2019 habari zilienea kwamba chuo kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Kwa nini? Kwa sababu sehemu kubwa ya fedha zake ilitegemea wafadhili wa nje, na wafadhili wakichoka wanaondoka.

Hapo nawauliza, na sisi bara tujiulize. Taarab ni ya nani? Ni ya mfadhili wa Ulaya? Sisi tunaijaza kumbi, tunatunza waimbaji noti za elfu kumi tukicheza, lakini ada ya binti anayetaka kujifunza kanuni tunasubiri Mzungu alipe. Noti ya kumtuza mwimbaji usiku mmoja tunayo. Ya kumfunza mpigaji mwaka mzima hatuna.

Na hata kwenye taarab, wanawake tuliruhusiwa sana kuimba, ila ala zikabaki mikononi mwa wanaume. Nadi Ikhwan Safaa ni kundi la mwaka 1905. Tausi, kundi la taarab ambamo wanawake wenyewe wanapiga ala, likiongozwa na Bi Mariam Hamdani, limekuja karne moja baadaye. Karne moja, dada zangu. Sauti yetu waliitaka, vidole vyetu hawakuvitaka.

Msidhani Wazungu walikuwa bora sana kwenye hili. Ile okestra maarufu ya Vienna, inayosifiwa dunia nzima, ilimpokea mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili mwaka 1997, tena mpiga kinubi. Mwaka 1997 wengi wetu tulishazaliwa. Kwa hiyo mtu asiniambie mambo haya ni ya "mila zetu". Ni ubahili na woga, na vinapatikana kila nchi.

Mtawa aliyekuwa na kinanda

Nikisema haya kuna anayejibu kwamba mwanamke mcha Mungu atachagua imani, si muziki. Kana kwamba lazima vigombane.

Nitawapa mtu mmoja wa ukanda wetu. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923. Alisoma fidla na piano, Uswisi akiwa mtoto, baadaye Cairo. Nafasi ya kwenda kusoma London ikakwama. Akawa mtawa wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia, akaishi miaka kama kumi kwenye monasteri ya mlimani. Mwanzo wa hadithi yake unafanana na wa mabinti zetu: chuo, mlango kufungwa, kimya. Lakini alirudi kwenye piano. Mwaka 1967 sahani yake ya kwanza ilitoka Ujerumani, na mapato akayapeleka kwenye kusaidia wahitaji. Alimalizia maisha yake kwenye monasteri ya Yerusalemu, na alipofariki mwaka 2023 akiwa na miaka 99, watu wasiojua hata Ethiopia iko wapi walikuwa wanausikiliza muziki wake.

Mtawa. Kinanda chumbani kwake. Angalieni kwamba kwake kutoa sadaka ilikuwa uamuzi wake, kwa kazi iliyouzwa kwanza. Hakuna kamati iliyomkalia ikaamua kwa niaba yake kwamba vidole vyake ni vya bure. Huo ndio mpaka ninaoutaka. Mtu akitoa kwa hiari ni sadaka. Ukimchukulia, halafu ukamsomea mstari wa Biblia, hiyo ina jina lingine.

Basi tufanye nini?

Sipendi kulalamika bila kupima nguo. Haya hapa.

Kwa wazee wa usharika na parokia: mwandikeni mpiga kinanda kwenye bajeti, kwa jina la kazi yake, kama mnavyomwandika mlinzi. Kama ni kidogo, kiwe kidogo, lakini kiandikwe. Mkishindwa kabisa, punguzeni sare. Ndiyo, mimi fundi wa sare ndiye ninayesema. Kwaya inaweza kuimba miaka miwili na rangi ileile, Mungu hatachoka kuiona.

Kwa kamati za harusi: binti yenu aliyesoma muziki ana bei. Muulizeni kabla ya kuuliza bei ya keki.

Kwa sisi tunaochanga kwenye kicheni pati: bibi harusi wa leo ana seti nne za sahani kabla hajapika ugali mmoja. Kama ni mpigaji, mnunulieni ala, au kava ya ala yake, au waya za fidla za mwaka mzima. Na yule mama anayesimama na kipaza sauti kumfundisha namna ya kumkunjia mume shati, aongeze sentensi moja mbele ya wakwe wote: huyu binti ana saa yake moja kila siku, msiiguse.

Kwa waume: saa moja. Mbona mpira una dakika tisini?

Kwa wazazi: msiseme "amesomea muziki, atafanya kazi gani?" Muziki ni somo linalotahiniwa kidato cha nne na Baraza la Mitihani, ila shule zinazolifundisha ni chache mno. Kuna chuo cha sanaa Bagamoyo tangu 1981. Kuna shahada ya muziki Makumira, pale Usa River, si mbali na sisi. Wanaohitimu huko wanaweza kuwafundisha watoto wenu. Wewe unalipia tuisheni ya hesabu kila Jumamosi. Lipia na ya kinanda. Binti mmoja mwenye wanafunzi sita wa kulipa kijijini haanzi ufundi mwingine kutoka sifuri.

Na kwako wewe mwenye kinanda juu ya kabati. Sina haki ya kukukaripia, najua umebeba nini. Lakini chukua neno la mfanyabiashara. Taja bei. Siku ya kwanza utaona aibu, ulimi utakuwa mzito, na mtu atakuambia umebadilika. Taja hivyo hivyo. Mimi nilipotaja bei kwa ndugu zangu mara ya kwanza walinuna mwezi mzima, na mwezi uliofuata wakaja na vitambaa. Na hata siku ambayo hakuna wa kukulipa, piga. Dakika ishirini ugali ukiwa unaiva. Usisubiri harusi wala Pasaka. Piga kwa ajili ya mkono wako, ili siku mlango ukifunguka usikukute umesahau.

Kishushe basi, kikung'ute vumbi. Hicho kitenge kinachokifunika, niletee nikushonee gauni la kuvaa siku utakapolipwa mara ya kwanza. Na kwa hilo gauni nitakutoza bei kamili, maana fundi humheshimu fundi mwenzake.